Injinia wa Nyumba Hii

Jumatatu, 3 Juni

Naandikia hapa kazini, daftari liko wazi mezani kama vile naandika malalamiko ya wateja. Nyumbani siwezi, labda usiku mke wangu akishalala. Nyumbani mimi ni injinia, na injinia hakai kona akaandika mambo ya kulialia.

Asubuhi darasa la mke wangu limekatika tena. Anafundisha watoto kusoma kwa video, watoto wa watu walio mbali, kila mmoja na kidirisha chake kwenye kompyuta. Alikuwa katikati ya silabi, picha ikaganda — mdomo wazi, kidole juu. Sauti ikawa ya kukoroma. Iliporudi, watoto wawili walishaondoka. Baadaye mama mmoja akamwandikia kwamba mwanawe anahamia kwa mwalimu mwingine, asante kwa yote.

Hakulia. Afadhali angelia. Alifunga kompyuta, akaniangalia nikivaa viatu, akasema, "Injinia, hili litaisha lini?"

Nikasema niachie mimi.

Niachie mimi! Mimi ndiye niliyemwambia aache kazi ya shule, aache kuamka gizani na kurudi hoi, afundishie nyumbani. Nilisema intaneti ya kampuni yetu ni mimi mwenyewe, sasa utaogopa nini. Akaacha kazi kwa sababu ya mdomo wangu huu.

Na mimi si injinia. Mimi napokea simu. Nakaa kwenye ukumbi wenye viti safu kwa safu, nimevaa visikio, nasoma mwongozo: zima king'amuzi, subiri kidogo, washa. Siku nilipopelekwa ukweni niliulizwa kazi, nikasema niko kitengo cha ufundi, na kweli ndivyo tunavyoitwa, msaada wa kiufundi kwa simu. Baba mkwe akajipiga paja, akasema kumbe tumepata injinia. Watu wakafurahi. Mimi nikatabasamu, basi. Sikusema ndiyo, sikusema hapana. Tangu siku hiyo mke wangu ananiita Injinia, mwanzoni kwa utani, sasa ndilo jina langu.

Nina aibu hata ya kuliandika.


Jumatano, 5 Juni

Nimefanya madudu.

Waya wa kampuni unatokea ukutani, unaingia kwenye splita, kile kidude kinachougawa waya mmoja ukawa miwili: mmoja unakwenda kwenye televisheni, mmoja kwenye ruta ya intaneti. Mwongozo unasema mteja akaze viungo vyote kwa mkono. Kwa mkono. Mimi nikatoa koleo. Kwa mkono isingeonekana kazi.

Mke wangu alinishikia tochi nyuma ya kabati. Nikawa namwaga maneno: mawimbi, masafa, kelele za laini. Yote ya mafunzo ya juma moja, na nusu yake sikuyaelewa hata siku ile. Yeye anaitikia tu, ehe, ehe. Nikakaza, nikakaza, mpaka kichwa cha ule waya wa ruta kikapasuka mkononi. Nikajitia hamnazo. Nikasema kilikuwa kibovu tangu kilipofungwa. Nikaukata waya, nikauchuna kwa kisu cha jikoni, nikauchomeka nilivyoweza na kuuzungushia utepe mweusi mpaka ukavimba.

Akauliza, "Sasa?"

Nikasema sasa tuipe muda laini izoee.

Izoee nini? Waya! Nimeyasema hayo kwa uso mkavu, na mke wangu akatikisa kichwa kama mtu aliyepata jibu.

Kabla sijagusa ilikuwa inakatika mara moja moja. Sasa intaneti inakuja na kuondoka inavyojisikia, na televisheni nayo inatoa vidoa. Ningemwita fundi wa kampuni, lakini fundi akija ataona ule uchafu, atauliza nani kafanya hivi, na mimi nimekwisha. Halafu kuna kanuni: mfanyakazi akichezea laini ya kampuni, anafungasha virago siku hiyo hiyo. Laini imeandikishwa kwa jina la mke wangu, lakini anwani ni ile ile niliyoandikisha kazini.

Kwa hiyo nimekaa kimya. Kimya nakiweza sana.


Jumapili, 9 Juni

Ukweni. Nilijua itatokea.

Baba mkwe alitupokea mlangoni, hata shikamoo yangu hakuisubiri iishe. Televisheni yake imeandika hakuna mawimbi. Ndani alikuwapo rafiki yake, mzee mmoja mwembamba waliyefanya kazi pamoja zamani, amekaa mkao wa kutazama mchezo. Nilikuwa mimi mchezo wenyewe.

Nikafanya ninachokijua. Nikachomoa king'amuzi. Nikainua mkono watu wanyamaze, maana kusubiri tu bila mbwembwe kungeonekana ujinga. Nikachomeka. Picha ikaja.

Walipiga makofi. Jamani, wazee wazima walinipigia makofi kwa kuchomoa na kuchomeka.

Ndipo yule mwembamba akasema kwenye ukumbi wao wa wastaafu laini imekufa siku nyingi, waya unapita juu ya paa, na mafundi wanawazungusha tu. Baba mkwe akaniwekea mkono begani. Akasema mkwe wangu atapanda mwenyewe juu ya paa, haya mambo ameyasomea. Mimi nikipanda kigoda kubadilisha taa, naona kizunguzungu. Nikasema, "Tutaangalia, baba."

Mke wangu alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na sinia la vikombe. Hakupiga makofi, mikono ilikuwa na kazi. Lakini hata uso haukupiga.

Njiani akasema, "Ya baba umeiweza haraka."

Nikasema ni uzoefu.

"Na yetu?"

Nikasema yetu tatizo liko nje, kwenye nguzo. Uongo ulitoka laini, bila kukwama popote. Hilo ndilo lililonitisha, kwamba siku hizi haukwami.


Jumatatu, 10 Juni

Mwanafunzi mwingine kaondoka. Wamebaki wachache, na wazazi wao wamemwambia wanampa mpaka kesho. Kesho ikikatika, basi.

Ameniambia hayo akiwa amenipa mgongo, anakunja nguo. Nikasema nitaongea na watu wa nguzo. Hakuna watu wa nguzo.


Jumanne, 11 Juni

Lazima niandike, nisipoandika nitapasuka.

Asubuhi, simu ya kawaida ikaingia. Nikatoa salamu ya kampuni, na lile jina la kazini nililopewa siku ya kwanza, ambalo si langu. Upande wa pili kikapita kimya kidogo. Halafu: "Habari za asubuhi. Mimi intaneti yangu inanitesa."

Mke wangu.

Ningeirusha simu kwa mwenzangu, lakini msimamizi alikuwa anapita nyuma ya viti, mikono mgongoni, anasikiliza. Nikaishusha sauti, nikabana koo, nikavuta ile sauti ya kazini mpaka mwisho wake. Nikasema, "Pole sana, dada."

Nimemwita mke wangu dada.

Akaeleza. Ana darasa mchana. Wazazi waliobaki wamempa leo tu. Alisema, "Leo tu, kaka, kesho sina kazi." Kwangu mimi hakulisema hivyo. Kwangu alikunja nguo.

Nikauliza taa za ruta. Akasema moja nyekundu, inapepesa. Nikamwomba avute kabati aangalie nyuma. Nilikaribia kusema angalia, lina mguu mbovu, lisikudondokee — nikameza. Nikasikia kabati linaburuzwa, nikasikia anavyohema.

"Unaona nini, dada?"

"Naona waya umefungwa utepe mweusi. Mwingi."

Swali linalofuata kwenye mwongozo ni la lazima. Ukiliruka, kompyuta haikupeleki mbele, na kila neno linarekodiwa. Nikalisoma kama lilivyo: je, kuna mtu yeyote nyumbani aliyefungua au kukata waya huu?

Nilisikia bomba letu la jikoni likidondosha maji. Na hilo nilisema nitalitengeneza.

"Ni mimi, kaka," akasema. "Nilijaribu mwenyewe. Mume wangu hakugusa."

Nilitamani ardhi ipasuke. Mbele yangu kwenye kompyuta kuna kisanduku: mteja amechezea laini. Nikakitia alama. Kidole changu hiki nilichomvalishia pete ndicho kilichomwandika mkosaji.

Halafu nikamwambia afanye jambo dogo tu. Aifungue splita, aiweke pembeni kabisa. Aibebe ruta ailete karibu na ukuta, waya unaotoka ukutani aufunge moja kwa moja kwenye ruta. Televisheni ikose kwa sasa. Nikamwambia atumie mkono, asitumie koleo.

Akasema, "Sina koleo mimi. Koleo ni la mume wangu."

Taa ikawaka kijani, ikatulia. Basi. Ndiyo hiyo tu iliyokuwa dawa: ondoa splita. Nawasomea watu mstari huo kila siku! Nimewasomea wagonjwa, wazee, mtu mmoja aliyekuwa amelewa. Nyumbani kwangu haukunijia kichwani, kwa sababu nyumbani nilikuwa nashughulika kuonekana.

Nikamwandikia fundi aje abadilishe waya. Akashukuru. Akasema umenisikiliza vizuri sana, kaka. Akakata.

Kiti cha jirani anakaa dada mmoja tunayemwita Bibi Subiri, kwa jinsi anavyopenda kuwaacha wateja kwenye muziki. Akaniuliza mbona nimetota jasho. Nikasema tumbo.

Jioni nilipofika darasa lilikuwa limepita salama, wazazi wamekubali kuendelea. Ruta iko sakafuni karibu na ukuta. Akanionyesha. Nikaitazama kwa makini, nikasema, "Aa, umeondoa splita. Vizuri." Nilisema hivyo! Nilimpa hongera kama mwalimu.


Alhamisi, 13 Juni

Fundi alikwenda kwetu jana nikiwa zamu. Ni yule mrefu, kazini anaitwa Ngazi, kwa kuwa hajawahi kuonekana bila hiyo. Leo asubuhi kawakusanya watu kwenye korido, anasimulia. Kuna nyumba kaikuta waya umechunwa kama kuku aliyenyonyolewa na mtu mwenye haraka. Watu hoi kwa vicheko. Akasema mwenye nyumba, mama mmoja mpole, kang'ang'ana kuwa ni yeye. Ngazi akasema hapana, kazi ile ni ya mwanamume mwenye kiherehere, mwanamke angeuliza kwanza.

Wakacheka. Na mimi nikacheka, tena kwa sauti kuliko wenzangu, mpaka Bibi Subiri akanitazama.

Nilikwenda chooni, nikakaa juu ya kifuniko, nikauangalia mlango. Najionea kinyaa. Nimesimama na watu, tunamcheka mtu anayenikinga mimi.

Usiku wakati wa kula mke wangu akaanza kumsifia kijana wa huduma kwa wateja. Ana subira, ana lugha nzuri, hajifanyi anajua. Akasema, "Alinielekeza kitu kidogo tu, akanielekeza kama mtu." Nikauliza anaitwa nani. Akalitaja jina langu la kazini polepole, huku anapangusa meza. Nikaona wivu. Nimemwonea wivu mtu anayekaa kwenye kiti changu na kuvaa visikio vyangu, anayepata shukrani ambazo mimi sijapata mwaka mzima.

Nikasema wale wa simu wanasoma tu karatasi, hawajui kitu.

Akaacha kupangusa. Akasema, "Kwani kusoma karatasi ni aibu?"

Nikasema sijasema aibu. Nikaomba chumvi.


Ijumaa, 14 Juni

Nilipiga moyo konde leo. Alikuwa amekaa mlangoni anapunga upepo, darasa limeisha, ana furaha, kapata mwanafunzi mpya. Nikakaa karibu naye. Nikafungua mdomo. Akageuka, akanitazama vizuri, akangoja. Alingoja kweli.

Nikamuuliza kama gesi ipo ya kutosha.

Akasema ipo.


Jumapili, 16 Juni

Baba mkwe kapiga. Rafiki yake ameongea na wastaafu wote, wanamsubiri injinia. Nikasema juma hili kazi zimebana. Akasema hata jioni tu, baada ya kazi. Nikasema tutaangalia, baba. Kakata simu akiwa anacheka kwa raha, anamwambia mtu hapo pembeni, "Nilikwambia, hana maringo."


Jumatatu, 17 Juni

Yanatokea sasa hivi. Naandika haraka.

Bibi Subiri kaniinulia mkono kutoka kiti chake. Akasema kuna mteja anakutaka wewe kwa jina, hataki mtu mwingine, nakurushia. Nikapokea, nikaanza salamu ya kampuni.

Mke wangu akanikata. "Acha hiyo," akasema. Hakusema kaka. "Siku ile nilikujua tangu neno la kwanza. Nikae na mtu miaka yote hii nisiijue sauti yake kwa sababu kabana koo?"

Kwa hiyo lile "ni mimi" aliniambia mimi. Alijua ni nani anauliza, alijua simu inarekodiwa, tangazo linasema hivyo mwanzoni. Alijitwisha kosa akijua mwenye kosa yuko sikioni mwake anamwita dada. Halafu akanipikia. Halafu akanitajia jina langu mezani, akanipa nafasi, na mimi nikaomba chumvi.

Akaendelea, taratibu, bila ukali. Ningeomba ukali.

Akasema, "Baba yuko sebuleni na mwenzake, mimi niko jikoni. Wamekuja na gari, wamefunga ngazi juu yake. Wanataka wakupitie hapo kazini wakupeleke ukumbini, upande paani. Sasa yule mwenzake kauliza mkweo hasa anafanya kazi gani, na baba kanigeukia mimi. Baba yangu sijawahi kumdanganya kwa mdomo. Nilikuwa nanyamaza tu, kwa ajili yako. Nikamwambia ngoja nimpigie aseme mwenyewe."

Nikasema mke wangu, tafadhali. Kwa sauti yangu, ile ya nyumbani. Msimamizi akageuza kichwa.

Akasema, "Nakuweka kwenye spika."

Nikasikia hatua zake, halafu sebule yetu. Kiti kinaburuzwa, mtu anakohoa. Halafu baba mkwe, kwa furaha zake zile zile: "Injinia! Unatusikia vizuri huko?"

Nilimsikia vizuri kuliko siku zote. Laini ni safi, haina hata chembe ya kelele, Ngazi kafanya kazi yake. Na mimi nikasema, maneno yakatoka yenyewe, "Tafadhali subirini kidogo kwenye laini," nikabonyeza.

Nimemweka baba mkwe kwenye muziki.

Sasa taa inapepesa kwenye simu. Bibi Subiri kanyoosha shingo, ananong'ona kuna nini. Nimemwambia ni mteja mgumu. Hata sasa! Hata dakika hii nadanganya mtu asiyehusika.

Najaribu kuliandika nilione likoje. Baba, mimi napokea simu. Baba, mimi sijawahi kupanda paa. Baba, kwenu nilichomoa nikachomeka. Ni maneno madogo, mtoto wa darasa la mke wangu angeyasoma bila kukwama. Nikikubali kwenda nao, nitaanguka kwenye ile ngazi mbele ya wastaafu. Nikikata, mke wangu atawageukia mwenyewe na simu mkononi, na safari hii hatasema ni mimi. Sitaki aseme tena ni mimi.

Msimamizi anakuja upande huu. Ataniuliza kwa nini mteja yuko kwenye muziki muda wote huu. Wateja wa kawaida wangekuwa wameshakata, wengi hawauvumilii hata ubeti mmoja.

Taa bado inapepesa. Hajakata.